Cheti Ndani ya Kitabu cha Nyimbo

Jumapili moja mwaka jana, baada ya ibada ya pili katika kanisa letu la Kianglikana hapa Dodoma, waumini walibaki uani kwenye mnada wa sadaka kama ilivyo desturi yetu. Palikuwa na kuku wawili waliofungwa miguu, trei ya mayai, karanga kwenye kisado na zabibu kwenye beseni. Mzee mmoja, fundi cherehani anayekaribia miaka sitini, alipandisha bei ya kuku mmoja mpaka wengine wakanyamaza, na mtu aliyekuwa nyuma yangu akasema kwa sauti ya kusikika, "Mrundi huyo ana hela." Mzee alisikia. Alilipa, akamshika kuku wake, kisha kwa mkono uliobaki akafungua kitabu chake cha nyimbo na kunionyesha karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Kilikuwa cheti cha uraia wa Tanzania. "Mwalimu," aliniambia, "hiki natembea nacho hata nikija kusali."

Sikugeuka kumjibu yule aliyesema. Nilimpa mzee pole ya haraka haraka, nikaenda zangu nyumbani, na tangu siku hiyo jambo hili halijanitoka moyoni, kwa sababu ninaamini kwamba namna Wakristo tunavyomtazama mkimbizi inaonyesha, kuliko maombi yetu yote ya kuliombea taifa, ni imani ya aina gani tunayotaka iongoze viongozi wetu.

Mzee huyo aliletwa nchini mwaka 1972 akiwa mgongoni kwa mama yake, wakati mauaji ya Burundi yalipowakimbiza maelfu kwa maelfu ya watu kuvuka mpaka. Alikulia Ulyankulu, mkoani Tabora, mojawapo ya makazi matatu makubwa yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi hao pamoja na Katumba na Mishamo. Huko familia zilipewa ardhi, zikafyeka msitu, zikalima mahindi na tumbaku, na baada ya miaka zikawa zinalisha wengine. Kanisa lilikuwepo katika kazi hiyo tangu mwanzo: shirika la kuhudumia wakimbizi la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 na Shirikisho la Kilutheri la Dunia kwa kushirikiana na makanisa ya hapa nchini, lilichimba visima na kujenga shule na zahanati kwa makubaliano na Serikali na Umoja wa Mataifa. Mwaka 2010 Serikali ilikubali maombi ya uraia ya watu zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi hao wa 1972 na watoto wao, na mwaka 2014 wakaanza kukabidhiwa vyeti. Ni mataifa machache sana duniani yaliyowahi kufanya jambo kama hilo kwa mkupuo mmoja, na mimi kama Mtanzania najivunia. Lakini uani kwa kanisa letu, miaka zaidi ya kumi baada ya Serikali kumaliza kazi yake, sisi wenye Biblia mkononi bado tulikuwa tunamwita Mrundi.

Mimi ni Mgogo, na nadhani watu wa kwetu tuna sababu zaidi ya wengine ya kulielewa agizo la Walawi 19, linalowataka Israeli wampende mgeni kama nafsi zao kwa kuwa nao walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Sisi tuna Misri yetu, nayo ni njaa inayoitwa Mtunya. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na baadaye Waingereza walichukua ng'ombe na nafaka za Ugogo, wakachukua na vijana kuwa wapagazi, kisha mvua ikakataa, na njaa ya 1918 hadi 1920 ikaua watu wengi mno. Bibi yangu alizaliwa baada ya njaa hiyo, lakini alisimuliwa na mama yake jinsi walivyotoka kwenda kuhemea, wakitembea siku kadhaa na kulala kwenye nyua za watu wasiowajua, na jinsi familia nyingine zilivyolazimika kuacha mtoto kama rehani ili zirudi na debe la nafaka. Alikuwa akifika kwenye jina la kijiji kimoja kilichowafungulia mlango, ananyamaza kidogo, halafu analirudia jina lile kama anayetaja jamaa yake. Hakuna aliyewauliza wametoka kabila gani, alisema; waliulizwa tu wana siku ngapi hawajala. Hata leo tunapoitwa ombaomba mijini tunaumia, na tuna haki ya kuumia. Sasa inakuwaje mjukuu wa watu waliokwenda kuhemea amcheke mjukuu wa watu waliokimbia mapanga?

Katika ibada ya nyumba kwa nyumba wiki iliyofuata nililileta jambo hili, bila kumtaja mzee. Ndugu mmoja, mtu mwema ambaye huwa wa kwanza kufika kwenye msiba, alijibu kwamba yeye hana chuki na mtu, ila sheria ni sheria, na akasoma Warumi 13: "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu." Nililiheshimu jibu lake, kwa kuwa ni kweli kwamba Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi aishi katika eneo alilopangiwa na asitoke bila kibali, na Mkristo hana ruhusa ya kuivunja kwa kisingizio cha huruma. Hata hivyo maneno hayo ya Paulo yamewahi kufanyishwa kazi isiyo yake. Juni 2018, Jeff Sessions, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani, aliyataja hadharani kutetea sera iliyokuwa ikiwatenganisha watoto na wazazi wao mpakani. Ukiendelea kuisoma sura hiyo hiyo utafika mstari wa 10, unaosema pendo halimfanyii jirani neno baya na kwa hiyo pendo ndilo utimilifu wa sheria, na sioni mtu anawezaje kuukumbatia mstari wa kwanza akauruka wa kumi. Zaidi ya hapo, katika nchi ambayo sheria hutungwa na wabunge tunaowachagua wenyewe, utii wetu unajumuisha wajibu wa kusema pale sheria inapokuwa nzito kupita kiasi kwa mtu asiye na mtetezi.

Hapa ndipo swali la imani na Serikali linapoingia. Katiba yetu, ibara ya 3, inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini, na ibara ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Wapo Wakristo wanaoliona hilo kama pengo la kuzibwa, nami siungani nao. Serikali isiyo na dini ndiyo iliyowapokea Warundi Wakristo mwaka 1972 bila kuuliza ubatizo wao, na ndiyo iliyowapokea Wazigua wa Somalia, Waislamu ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu na ambao vita viliwarudisha kama wakimbizi, ikawapa makazi Chogo, Handeni, kwenye ardhi ya asili yao. Wakati huo huo, aliyeiongoza nchi hii katika miaka ya mwanzo, Mwalimu Nyerere, alikuwa Mkatoliki wa kuhudhuria misa mara kwa mara, na mwaka 1983 alipewa Nishani ya Nansen kwa kazi yake kwa wakimbizi. Hakuhitaji kuiandika imani yake katika Katiba ili imwongoze. Imani ilikaa kwenye dhamiri yake, nayo dhamiri ikaingia ofisini pamoja naye.

Hapa kwetu mkoani Dodoma, wilayani Kongwa, kuanzia mwaka 1964, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Msumbiji, Namibia na kwingineko walikuwa na kambi zao. Wazee wa Kongwa wanawakumbuka hadi leo. Baadhi yao walioa huko na wakaacha watoto. Nchi ilikuwa maskini kuliko sasa, na Kongwa ni mahali pa ukame, lakini tuliwapokea.

Siku hizi naisikia hoja nyingine, ya kistaarabu zaidi, kwamba upendo una mpangilio na wa kwetu ndio wa kwanza. Januari 2025 Makamu wa Rais wa Marekani, J. D. Vance, aliieleza kama fundisho la Kikristo: mtu aanze na familia, kisha jirani, kisha jamii yake na wananchi wenzake, na dunia nzima baadaye. Papa Francisko, miezi michache kabla ya kufariki kwake, aliwaandikia maaskofu wa Marekani kwamba mpangilio wa kweli wa upendo tunaujua kwa kutafakari habari za Msamaria mwema. Mimi si Mkatoliki, lakini hapo nasimama na Papa. Mwanasheria wa Luka 10 aliuliza, "Na jirani yangu ni nani?" akitaka kuchorewa mpaka, na akajibiwa kwa habari ya mtu wa kabila lililodharauliwa anayemfunga majeraha mtu asiyemjua. Mzazi kulisha watoto wake kwanza ni wajibu wake. Kuutumia wajibu huo ili usimtazame aliyelala njiani ndicho alichofanya kuhani.

Sitaki nionekane kwamba nabeza mzigo wa watu wa Kigoma na Kagera. Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja hivi. Misitu ilikatwa kwa kuni, silaha zilipita, na wenyeji wakapata shida ambazo sisi wa Dodoma tulizisikia redioni tu. Mwanzoni mwa 2018 Serikali ilijitoa katika mpango mpya wa Umoja wa Mataifa wa kushughulikia wakimbizi ikitaja usalama na ukosefu wa fedha, na kuhusu fedha haikusema uongo, kwa maana nchi tajiri huahidi mengi na kutoa machache. Lakini Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unasema kurudi kwa mkimbizi kwao kuwe kwa hiari, na hiari ya mtu ambaye soko la kambini limefungwa na mgawo wake wa chakula umepunguzwa inakuwa ndogo sana. Aliyeondoka kambi ya Nyarugusu au Nduta, mkoani Kigoma, kwa sababu alichoka kushinda njaa alisukumwa, hata kama alisaini fomu kwa mkono wake.

Sisi Wakristo wa Dodoma tuko karibu na mamlaka kuliko Wakristo wa mkoa wowote. Bunge liko hapa, wizara ziko hapa, Jumuiya ya Kikristo Tanzania ina makao yake makuu hapa hapa, na mawaziri husali nasi Jumapili na kupewa kiti cha mbele. Viongozi wetu wa dini wanajua njia ya kupeleka maoni kwenye kamati za Bunge pale muswada unapogusa ndoa, kodi au shule zetu. Ningetamani tuifuate njia hiyo hiyo kwa ajili ya mkimbizi, tuseme kwa heshima kwamba sheria impe nafasi ya kufanya kazi ndogo na kujilisha, na kwamba asirudishwe mahali ambako ana hofu ya kweli ya kurudi. Tena yule mtumishi wa umma anayesali nasi, anayekutana na mkimbizi dirishani Jumatatu, akumbuke kwamba kumhudumia kwa utaratibu bila kumdhihaki hakuvunji kanuni yoyote ya utumishi.

Na kabla ya Bunge kuna uani kwetu. Mwezi uliopita nilimwomba mchungaji wetu kwamba, katika sala za Jumapili tunapomtaja Rais na wote wenye mamlaka, tuwataje pia wakimbizi waliomo nchini mwetu. Akasema ni vyema, nimwandikie maneno yenyewe. Nilikwenda nayo kwanza kwa mzee wa cherehani, nikamkuta anashona sare za shule, nikamwomba radhi kwa kunyamaza kwangu siku ile ya mnada, kisha nikamsomea sala. Alisikiliza, mguu wake ukiwa umesimama juu ya pedeli. Akaniomba nibadilishe neno moja: pale nilipoandika "wageni hawa", niandike "majirani zetu hawa".