Kilo Mbili za Chumvi

Siku hiyo kaskazi ilikuwa imepamba moto, shangazi akanituma barafu. Harusi iko Makunduchi, kusini mwa Unguja, pipa zima la juisi ya ukwaju linangoja, na umeme huko umekatika tangu alfajiri. Nikanunua mjini pande moja, kama kilo 20 hivi, nikalitia guniani pamoja na maranda ya fundi seremala.

Hapo ningepanda gari nikaenda zangu salama. Lakini mimi nimesoma skuli, bwana. Nikamkumbuka muuza aiskrimu wa utotoni: mkebe wa maziwa katikati, barafu pembeni yake, na juu ya barafu anamwaga chumvi. Kumbe chumvi ndiyo inayoitunza barafu! Nikarudi sokoni, nikachukua kilo mbili za chumvi ya mawe, nikalipaka lile pande kama mtu anayetia samaki viungo.

Gari namba 310 lilishajaa. Utingo akalisukuma gunia langu katikati, kwenye miguu ya watu. Hata Tunguu hatujafika, bibi mmoja akanyanyua buibui lake. "Nani kamwaga maji hapa?"

Macho yote kwa mtoto aliyepakatwa. Mama yake akampapasa kaptula: kavu. Mimi nikawa naangalia minazi nje kama mtalii.

Karibu na Jozani, mzee wa kanzu aliyekaa mkabala wangu akasema taratibu, "Miguu yangu siisikii."

"Kisukari hicho," jirani yake akamjibu.

Masikini mzee! Akamgeukia mwanawe, akaanza kumtajia wanaomdai, mmoja mmoja, na kiasi gani. Alipofika kwa mwenye duka la mchele, utingo akainama kulivuta gunia, akaruka nyuma. Lilikuwa limeota weupe kama ukungu wa mkate, mvuke wa hewani umegandia juu yake. Kwenye joto lile!

Makunduchi nikateremka na pande la ukubwa wa nazi mbili, linaelea ndani ya majimaji. Shemeji yangu, mwalimu wa fizikia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Barafu tupu inayeyuka kwenye nyuzi 0," akaniambia. "Ukiitia chumvi inayeyuka hata chini ya hapo. Na haiyeyuki bure: kilo moja inanyonya joto linaloweza kuitoa kilo ya maji nyuzi 0 likaifikisha karibu 80. Joto hilo inalipora popote, na yenyewe inazidi kuwa baridi. Yule muuza aiskrimu alikuwa anataka barafu yake iyeyuke, ili iyapore maziwa."

Mimi sikuwa na maziwa. Nilikuwa na miguu ya abiria.

Sasa, wakati shemeji ananisomesha, hakuna aliyekuwa anamwangalia shangazi. Alishalipasua pande kwa mchi, na kwa kuwa hapendi kitu kipotee, akalimimina pipani pamoja na maji yake yote.

Mzee wa upande wa bwana harusi ndiye aliyepewa gilasi ya kwanza. Akapiga funda moja. Akatulia. Akaichungulia gilasi, akaizungusha kidogo, kisha akamwinamia shangazi na kumuuliza kwa adabu zote:

"Na samaki wake yuko wapi, bibi?"