Ukifika Ufini, anza na msitu

Ndugu wanaojiandaa kuja Ufini hunitumia picha zilezile: nyumba za vioo za Lapland kule kaskazini, taa za kaskazini (ile mianga ya rangi angani usiku), na Baba Krismasi wa mji wa Rovaniemi hukohuko. Sina ugomvi na Rovaniemi. Ila ukienda Desemba, tiketi, chumba na nguo za kukodi vitaukausha mfuko, na nchi yenyewe utakuwa hujaionja. Lapland ingoje hadi Septemba, majani yanapogeuka mekundu na giza la usiku limerudi kiasi cha kuziona hizo taa. Kabla ya hapo, ingia msitu ulio karibu na kituo chako cha basi.

Takriban robo tatu ya ardhi ya Ufini ni msitu, na maziwa, makubwa kwa madogo, yanakaribia 188,000, kwa watu kama milioni 5.6 tu. Lakini si ukubwa wa msitu ulionishangaza. Sisi tumezoea kwamba porini kuna mwenyewe, na mwenyewe ana panga. Huku unaruhusiwa kupita kwa miguu katika msitu wa mtu bila kubisha hodi kwa yeyote, uwe raia, mkimbizi au mtalii wa wiki moja. Unachuma matunda ya porini na uyoga, unalala kwenye hema usiku mmoja mbali na makazi, unavua samaki kwa fimbo na ndoana ya kawaida, yote bila malipo. Haki hizo huitwa jokamiehenoikeudet, yaani haki za kila mtu. Zina mipaka yake: usiingie uani kwa watu, usikanyage shamba lenye mazao, usikate mti, na usiwashe moto bila idhini ya mwenye ardhi.

Kwa hiyo Agosti chukua ndoo uende. Kuna mustikka, tunda dogo linaloupaka ulimi rangi kama zambarau. Septemba inafuata puolukka, jekundu na chachu, ambalo wenyeji hulila na nyama. Kwenye uyoga usijifanye shujaa. Upo mmoja, korvasieni, wenye sumu kali ukiwa mbichi, na Wafini wanaula hivyohivyo baada ya kuuchemsha zaidi ya mara moja na kumwaga maji. Waachie. Fuatana na mwenyeji hadi uizoee aina mbili tatu.

Aliye Helsinki apande treni hadi Espoo, kisha basi namba 245 hadi hifadhi ya taifa ya Nuuksio. Hakuna geti wala kiingilio. Ndani kuna sehemu maalumu za kuota moto, kuni zimeshapasuliwa na zinakungoja. Kama hakuna tahadhari ya moto siku hiyo, choma soseji yako. Mimi naona hilo linaieleza nchi hii kuliko makumbusho yoyote: kuni za umma, na mtu anachukua zinazomtosha tu.

Mjini kwenyewe sina mengi. Suomenlinna, ngome ya visiwani iliyoanza kujengwa na Waswidi mwaka 1748, unaifikia kwa kivuko cha robo saa kutoka sokoni Kauppatori, kwa tiketi ileile ya usafiri wa jiji. Maktaba ya Oodi, iliyofunguliwa Desemba 2018 mkabala na Bunge, ina vyerehani na studio za muziki, na hakuna atakayekuuliza umefuata nini. (Na Kiswahili kilitutangulia huku: Chuo Kikuu cha Helsinki kina hazina kubwa ya matini za Kiswahili kwa ajili ya watafiti wa lugha.)

Sasa giza. Utsjoki, kaskazini kabisa, jua huzama mwishoni mwa Novemba na kuonekana tena katikati ya Januari. Helsinki linachomoza, ila siku fupi kuliko zote haifiki saa sita za mwanga. Kwangu Novemba ndiyo mbaya kuliko Januari, maana theluji haijatulia na kila kitu ni mvua na lami nyeusi. Meza vitamini D kama wenyeji, na utoke nje mchana hata kama hujisikii.

Mtaambiwa pia Wafini ni wakavu. Kwenye basi, ndiyo. Wanaongea wakiwa kwenye sauna, chumba cha joto kali na mvuke wa maji yanayomwagwa kwenye mawe ya moto; UNESCO iliutambua utamaduni huo mwaka 2020 kuwa urithi. Kwenye sauna za mabwawa ya umma wanaume na wanawake huwa mbalimbali, na watu huingia bila nguo. Kwetu hilo ni zito, silifichi. Zipo za mchanganyiko zinazodai vazi la kuogelea, kama Löyly ya Helsinki. Na ukialikwa nyumbani kwa mtu, mwambie mapema kwamba utajifunga taulo. Atakubali, kisha atakuuliza kama amwage maji zaidi kwenye mawe. Jibu hapana mpaka uzoee.