Kilomita 30 kwa sekunde, ukilinganisha na nini?

Makala moja kuhusu mwendo wa dunia inasema dunia "inakwenda kilomita 30 kwa sekunde", kisha inaishia hapo. Naomba niongeze, maana hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Hiyo 30 ni ukilinganisha na jua. Ukilinganisha na kitovu cha galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambamo jua letu limo, jua lenyewe linatuburuta kwa zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde. Ukilinganisha na kiti ulichokalia, ni sifuri. Zote ni sahihi, na hakuna iliyo "ya kweli" kuliko nyingine.

Galileo, mwanasayansi wa Italia, alilieleza jambo hili vizuri sana mwaka 1632. Jifungie chumba cha chini cha merikebu, bahari shwari, chombo kinakwenda mwendo mmoja bila kuyumba: tone la maji linalodondoka kutoka chupa iliyotundikwa litaangukia palepale chini yake, kama vile mmetia nanga. Hakuna jaribio humo ndani litakalokuambia kama mnakwenda. Mwaka 1887 wanasayansi wa Marekani Michelson na Morley walitumia mwanga kutafuta mwendo wa dunia ndani ya "etha", kitu kisichoonekana kilichodhaniwa kujaza anga. Hawakuupata.

Kuongeza kasi au kukata kona ni jambo jingine. Hilo utalihisi hata ukifumba macho.