Nitumie risiti, tangazo baadaye

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, mteja wa huku kwetu amezoea kwamba hela ikitoka, ujumbe unaingia. Namba ya muamala, kiasi, jina la aliyepokea, tarehe, saa, salio. Ukizuka ubishi dukani anatoa simu, "huu hapa," na mambo yanakwisha.

Sasa fungua barua pepe ya duka la mtandaoni baada ya kununua. Juu nembo kubwa kama bango la barabarani, kisha shukrani ndefu, kisha picha za bidhaa ambazo hukuziulizia. Namba ya oda utaikuta chini huko. Mzigo unafika lini? Kimya. Halafu: "Usijibu barua pepe hii." Hela yangu umeshaichukua, jamani, nikikujibu soma.

Wanaotumia WooCommerce, programu ya kuendeshea duka la mtandaoni, wana mtego mwingine. Oda ya kulipia benki hukaa katika hali ya kusubiri mpaka mwenye duka aibadilishe kwa mkono. Akisahau, mfumo nao unanyamaza, na mteja aliyelipa juzi anaanza kuhisi ametapeliwa.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kuchanganya risiti na matangazo, maana hasara yake haionekani. Tangu Februari 2024 Google inamtaka kila anayetuma barua kwenda Gmail awe na SPF au DKIM, mipangilio inayothibitisha kwamba barua kweli imetoka kwake, kwenye kikoa chake, yaani jina la tovuti yake. Anayefikia barua 5,000 kwa siku awe nazo zote mbili, pamoja na DMARC, maelekezo ya nini kifanyike barua ikishindwa uthibitisho huo. Na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Mteja aliyechoshwa na ofa zako akibonyeza kitufe cha barua taka, jina la kikoa chako ndilo linalochafuka. Kesho mwenzake anaomba kubadili nenosiri, barua haionekani, anadhani tovuti ni mbovu. Google wenyewe wanashauri risiti zitoke anwani moja na matangazo anwani nyingine. Ni kazi ya mchana mmoja kwa fundi anayejua.

Tena wengi wetu tulifungua Gmail kwa sababu tu simu mpya iliidai, na hatujairudia tangu siku hiyo. Mteja wa namna hiyo mtumie SMS pia: namba ya oda, kiasi alicholipa, siku ya kupokea mzigo, na namba ya simu ambayo ikipigwa inapokelewa.