Michano juu ya gitaa la zamani: prodyuza ana haki, na mzee je?

Mwaka 2004 prodyuza Mmarekani, Danger Mouse, alichukua michano ya rapa Jay-Z kutoka The Black Album na kuipandisha juu ya vipande vya White Album ya Beatles, ya 1968. Akaiita The Grey Album. Kampuni ya EMI, iliyoshikilia rekodi za Beatles, ikamtaka aache kuisambaza. Tarehe 24 Februari tovuti zaidi ya mia zikaigawa bure, kwa makusudi.

Vijana wa studio za uswahilini hapa Dar wanaokata zilipendwa bila kumuuliza mtu wana hoja hiyohiyo, kwamba kukata cha zamani ni kuunda kipya, na si hoja nyepesi. Danger Mouse hakubandika wimbo juu ya wimbo. Alikata ngoma mojamoja, kiki huku, snea kule, akazipanga upya mpaka zikazaa biti mpya. Jay-Z mwenyewe alikuwa ameachia sauti zake bila biti ili watu wazichezee. Na Beatles walipungukiwa nini? Mwaka uliofuata Danger Mouse alikuwa prodyuza wa Demon Days ya Gorillaz, iliyotoka chini ya Parlophone, lebo ya EMI haohao!

Ila EMI si mpiga solo wa Dar. Bendi zetu nyingi za dansi zilirekodi Radio Tanzania, nchi ikiwa haina kiwanda cha kuchapa santuri. Vyombo vilikuwa vya mwajiri: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ya shirika la DDC. Leo ukizungusha sekunde nne za gitaa lile, ruhusa unaomba kwa nani? Mtunzi, bendi, shirika au redio? Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, lakini prodyuza mwenye kompyuta moja atachoka kabla hajapata jibu.

Hapo namwelewa, ila simwachii. Jay-Z na bendi ya roki ya Linkin Park walikaa pamoja, wakachanganya nyimbo zao, wakatoa Collision Course mwaka huohuo wa 2004, na ikashika namba moja Marekani. Makubaliano hayakuua ladha. Anayegawa mchanganyiko wake bure mimi simgombi. Anayelipwa shoo kwa wimbo uliobebwa na solo ya mzee, amtafute mzee au familia yake wagawane. Na jina la mpigaji aliandike kwenye maelezo ya wimbo hata kabla ya pesa kuingia. Hilo halihitaji mwanasheria.