Nyota tano za nini, jamani?

Marafiki wanne mezani, simu nne juu ya vikombe, kahawa inapoa. Picha ikitoka vizuri tu, mgahawa unapewa nyota tano mtandaoni! Za nini? Za ukuta wa maua ya plastiki? Za Wi-Fi? Kahawa yenyewe kaionja nani?

Mkitaka kuupima mgahawa, agizeni espreso tupu, ile kahawa nzito ya mashine kwenye kikombe kidogo, bila sukari, mwonje wote. Unga wa kahawa gramu 18, maji yapite sekunde 25 hadi 30, itoke kahawa gramu 36 hivi. Ikimwagika kwa sekunde 12, itakuwa chachu na nyepesi: unga umesagwa chengachenga. Ikidondoka tone tone dakika nzima, chungu kama shubiri: umesagwa laini mno. Kinu kinarekebishwa, wajameni, hakikuumbwa hivyo!

Na hawa wanaochemsha maziwa mpaka jagi halishikiki? Nyuzi 60 hadi 65 zinatosha. Yakipita 70 utamu unakufa, yananuka kuungua. Kijibomba cha mvuke kina ukoko wa maziwa ya tangu asubuhi, na kitambaa kinachokifuta ndicho kinachofuta meza. Hamkuona? Mtaona wapi, mlikuwa mnachagua filta za picha!

Muuza kahawa wa Kariakoo, birika juu ya mkaa, anasuuza vikombe mbele ya macho yako, kashata pembeni, na hakuna anayempa hata nusu nyota. Huku menyu ya mgahawa inajigamba kahawa ya "Kilimanjaro". Sawa. Imekaangwa lini? Mhudumu anamtazama mwenzake, mwenzake anatazama dari.