Herufi C kwenye bomba la Italia

Kwetu Dar bomba la bafuni huwa moja, na maji yake ni yaliyopigwa jua kwenye tangi juu ya paa. Anayetaka ya moto anabandika sufuria. Hotelini kwenye mabomba mawili tunakuta H na C za Kiingereza, tunakariri kwamba C ni baridi, kisha tunapanda ndege na ujuzi huo. Huku Italia C ni caldo, moto. Baridi ni F, freddo.

Herufi peke yake haiunguzi. Ukifungua C, maji ya kwanza yanatoka baridi kweli, kwa kuwa yalilala kwenye paipu. Unaridhika, unajimwagia. Nusu dakika baadaye yanafika ya kwenye hita, na hita nyingi zenye tangi huwekwa kwenye nyuzi 60 hivi ili bakteria wasizaliane. Basi fungua F kwanza, kisha ongeza C kidogo kidogo. Nionavyo, madarasa ya lugha ya wahamiaji yangeanzia bafuni, salamu zifuate.

Kilatini ni calidus, ila mitaani silabi ya kati ililiwa, ikawa caldus. Kaisari Augusto alimsahihisha mjukuu wake Gaius kwa kupenda calidum badala ya caldum: si kosa, ila ni kujidai. Caldus ndiyo caldo ya Italia, cald ya Romania na chaud ya Ufaransa, ambako ca iligeuka cha, l ikawa u, na d haitamkwi tena. Kwa hiyo Paris nako C inaunguza. Hispania caldo ni supu. Moto ni caliente, kutoka calens, ndugu yake calidus. Wareno waliimumunya calens hiyohiyo hadi ikawa quente, ndiyo maana bomba lao lina Q. Hata shofere (dereva) wa Lubumbashi ni wa ukoo huu: chauffeur ya Kifaransa alikuwa mchochea moto wa injini ya mvuke.

Joto la mwili nalo lina mtego. Sisi tunasikia joto. Mwitaliano analo, ho caldo. Mhispania naye husema tengo calor. Ukimwambia estoy caliente, umetangaza ashiki.

Montréal, mji wa Kanada wenye Kifaransa na Kiingereza, ni kizungumkuti: bafu hili C na F za Kifaransa, lile H na C za Kiingereza. Huko achana na herufi. Moto kwa kawaida ni kushoto. Fungua, ngoja nusu dakika, jaribu kwa kidole.